Sumaku na Ugonjwa wa Sonona

Yako maradhi ambayo kila mtu huyaona. Aliyevunjika mguu huchechemea, mwenye homa hutetemeka, na mwenye kidonda hufunga kitambaa. Majirani hujua la kusema na la kutenda. Yako pia maradhi yasiyo na alama juu ya mwili. Mgonjwa huketi mahali pamoja kutwa, chakula hakina ladha kinywani mwake, usingizi humkimbia usiku, na kazi aliyokuwa akiipenda huonekana kwake kama mlima. Huzuni hii haifanani na ile ya mtu aliyefiwa, ambayo siku huipunguza. Hukaa kwa majuma na miezi, na pengine haina sababu ambayo mgonjwa mwenyewe aweza kuitaja. Mtu asononekapo huliwa na uchungu wa ndani. Kutokana na neno hilo ugonjwa huu huitwa sonona. Ulimwenguni wako watu zaidi ya milioni 250 wanaougua sonona, na baadhi yao hupoteza maisha kwa ajili yake.

Insha hii yaeleza habari ya tiba moja ya ugonjwa huo, nayo ni tiba ya sumaku. Historia yake ina jambo la kustaajabisha. Sumaku ilitangazwa kuwa dawa ya maradhi ya namna hii mara mbili. Mara ya kwanza, katika karne ya 18, madai yalipopimwa yalionekana kuwa bure. Mara ya pili, mwishoni mwa karne ya 20, madai yalipopimwa yalisimama. Mwili wa mwanadamu ulikuwa ule ule nyakati zote mbili, na hamu ya wagonjwa kupona ilikuwa ile ile. Basi yatupasa kuuliza ni kitu gani kilichopatikana katikati, hata jambo lililokuwa bure likaja kuwa na faida.

Katika mwaka 1774, katika mji wa Vienna, daktari mmoja aitwaye Franz Anton Mesmer alianza kuwatibu watu kwa sumaku. Mesmer hakuwa mganga wa njiani. Alisoma chuo kikuu na alikuwa na shahada ya utabibu. Aliweka vipande vya sumaku juu ya mwili wa mwanamke kijana aliyesumbuliwa kwa muda mrefu na maumivu mengi na fadhaa, na mwanamke yule akapata nafuu. Juu ya tukio hilo Mesmer alijenga nadharia kubwa. Alisema kwamba ulimwengu wote umejaa kimiminiko kisichoonekana, kwamba kimiminiko hicho hupita ndani ya miili ya watu, na kwamba maradhi hutokea njia zake zinapozibika. Baadaye alidai kwamba hata sumaku yenyewe haikuwa ya lazima, maana nguvu ile ilikaa ndani ya mwili wake, naye aliweza kuitoa kwa kunyosha mkono tu.

Mwaka 1778 Mesmer alihamia Paris, na huko sifa zake zilienea upesi. Katika chumba chake palikuwa na pipa kubwa la mti lenye kifuniko, na fimbo za chuma zilizochomoza humo. Wagonjwa waliketi kulizunguka, kila mmoja akaweka ncha ya fimbo pale palipomuuma, huku muziki laini ukipigwa. Wengine walilia, wengine walicheka, wengine walianguka na kutetemeka. Na baada ya hayo wengi walisema kwamba wamepata nafuu. Mabwana na mabibi wenye vyeo walimiminika kwake na fedha zao. Mfa maji hukamata maji, na mtu aliyekwisha kutumia dawa zote za mji bila ya kufaidika hakosi kujaribu pipa.

Habari zile zilimfikia Mfalme Louis wa 16, naye katika mwaka 1784 aliamuru tume ichunguze jambo hilo. Ndani ya tume walikuwamo watu mashuhuri wa zama hizo: Antoine Lavoisier, baba wa kemia ya kisasa, Jean Sylvain Bailly, mtaalamu wa nyota, daktari Joseph Guillotin, na Benjamin Franklin, balozi wa Marekani, mzee wa miaka 78, ambaye alijulikana kila mahali kwa uchunguzi wake wa umeme wa radi. Mesmer alikataa kushirikiana nao, lakini mwanafunzi wake mmoja, daktari Charles Deslon, alikubali kuonyesha kazi hiyo mbele yao.

Wanatume hawakuuliza kama wagonjwa walilia na kuanguka, maana hayo kila mtu aliyaona kwa macho. Swali lao lilikwenda mbali zaidi. Waliuliza kama mambo yale yalitokea kwa nguvu ya kimiminiko, au kwa sababu mgonjwa aliamini kwamba yatatokea. Na ili wapate jibu, walitumia chombo ambacho maskini yeyote aweza kuwa nacho: kitambaa cha kufunga macho.

Katika bustani ya nyumba ya Franklin, huko Passy, Deslon alitia nguvu yake katika mti mmoja. Kisha kijana wa miaka 12, ambaye Deslon mwenyewe alimchagua, aliletwa hali amefungwa macho, akaongozwa mti mmoja baada ya mwingine. Katika mti wa kwanza alianza kutoka jasho. Katika wa pili alisikia kizunguzungu. Katika wa tatu maumivu ya kichwa yalizidi. Katika wa nne alizimia. Hakuna hata mmoja katika miti hiyo minne uliokuwa mti wenye nguvu. Huo ulikuwa bado mbali naye. Majaribio mengine yalileta jibu hilo hilo. Wagonjwa walioambiwa kwamba wanatiwa nguvu, na huku hawatiwi, walitetemeka. Na waliotiwa nguvu bila ya kujua hawakusikia lolote. Mwezi wa Agosti 1784 tume ilitoa hukumu yake, kwamba kimiminiko cha Mesmer hakipo, na kwamba kilichotenda kazi katika chumba chake kilikuwa fikira za wagonjwa wenyewe.

Yafaa tuitazame hukumu hiyo vizuri, kwa kuwa watu wengi huielewa nusu tu. Tume haikusema kwamba wagonjwa walikuwa waongo. Kijana yule alizimia kweli, na jasho lake lilikuwa jasho la kweli. Tume ilionyesha kwamba imani peke yake yaweza kuutikisa mwili, na kwa sababu hiyo mgonjwa kusema kwamba amepata nafuu hakutoshi kuwa ushahidi wa dawa. Atakaye kujua kama dawa yafaa hana budi kwanza kuitenga nguvu ya dawa na nguvu ya imani. Kitambaa cha Passy kilikuwa njia ya kuzitenga, nasi tutakutana na kitambaa hicho tena mwishoni mwa habari hii, hali kimebadilika sura.

Wakati Mesmer akipoteza sifa zake, wengine walikuwa wakijifunza habari za umeme kwa subira. Luigi Galvani wa Bologna, katika Italia, aliona kwamba mguu wa chura aliyekufa hurukaruka uguswapo na umeme, na katika mwaka 1791 alitangaza uchunguzi wake. Ilianza kujulikana hivyo kwamba mishipa ya fahamu na misuli hufanya kazi kwa nguvu iliyo jamaa ya umeme. Mpwa wake, Giovanni Aldini, alithubutu kupitisha umeme kichwani. Alianza kwa kujijaribu mwenyewe. Kisha mwaka 1801 alimtibu mkulima mmoja aliyelazwa hospitalini kwa majonzi makubwa, na baada ya siku nyingi mkulima yule aliruhusiwa kurudi nyumbani.

Je, tuseme kwamba Aldini alikuwa amepata dawa? Hatuwezi. Sonona ina tabia ya kupanda na kushuka, na wagonjwa wengine hupata nafuu wenyewe baada ya miezi kadhaa hata wasipotibiwa. Mtu mmoja akipona hatujui kama amepona kwa dawa, au kwa kuangaliwa kwa wema hospitalini, au kwa kupita kwa siku. Ushahidi wa mmoja huamsha swali zuri, wala haulijibu.

Elimu ya sumaku nayo ilikuwa ikisonga mbele. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mwalimu wa chuo kikuu huko Copenhagen, aliona sindano ya dira ikigeuka kila alipopitisha umeme katika waya uliokuwa karibu nayo. Hivyo ilijulikana kwamba umeme huzaa nguvu ya sumaku. Swali lililobaki lilikuwa kama sumaku nayo yaweza kuzaa umeme. Aliyelijibu ni Michael Faraday wa London, mwana wa mhunzi, ambaye hakupata elimu kubwa ya shule, na ambaye ujana wake aliutumia katika kazi ya kujalidi vitabu. Alikuwa akivisoma vitabu alivyoletewa ajalidi, na kwa kusoma huko akawa mtaalamu.

Tarehe 29 Agosti 1831 Faraday alichukua pete ya chuma, akaizungushia nyaya mbili, mmoja upande huu na mwingine upande wa pili, zisigusane. Alipopitisha umeme katika waya wa kwanza, sindano iliyounganishwa na waya wa pili ilitikisika mara moja, kisha ikatulia. Alipoukata umeme, ilitikisika tena. Umeme ulipokuwa ukipita sawasawa, sindano haikujongea kamwe. Faraday alifahamu maana yake: sumaku iliyotulia haizai umeme, yazaa umeme pale tu nguvu yake inapoongezeka au kupungua.

Kanuni hii ndiyo msingi wa mitambo inayotupatia taa majumbani, na ndiyo msingi wa tiba tunayoieleza. Yatuonyesha pia kwa nini vipande vya Mesmer visingeweza kuiamsha mishipa ya fahamu. Vilikuwa sumaku zilizolala juu ya ngozi, na nguvu yake haikubadilika. Ili sumaku iguse ubongo, lazima nguvu yake iwe kubwa, na lazima ipande na kushuka kwa kasi kuliko kupepesa kwa jicho.

Kutoka kwa Faraday mpaka kwenye tiba yenyewe ilipita zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1896 Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval aliwaingiza watu vichwa vyao ndani ya koili kubwa, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, akapitisha humo umeme unaobadilika. Waliona vimulimuli vya nuru machoni, na wengine walishikwa na kizunguzungu. Mwaka 1910 Silvanus Thompson wa London alipata matokeo kama hayo. Baadaye ilifahamika kwamba vimulimuli vile vilitoka nyuma ya jicho, mahali panapoamka kwa umeme mdogo sana, wala havikutoka katika ubongo. Nia ilikuwapo, ila vyombo vya siku hizo havikuwa na nguvu ya kutosha.

Katika miaka hiyo wagonjwa wa sonona walikuwa katika dhiki kubwa, na wengi walifungiwa tu katika nyumba za wagonjwa wa akili. Mwaka 1938 madaktari wawili wa Roma, Ugo Cerletti na Lucio Bini, walianza kutibu wagonjwa wa akili kwa kupitisha umeme kichwani mpaka mgonjwa ashikwe na degedege. Tiba hiyo ilikuwa na nguvu kweli, nayo yatumika hata leo kwa wagonjwa mahututi, ambao siku hizi hulazwa usingizi kwanza. Lakini yaweza kuharibu kumbukumbu ya mambo. Katika miaka ya 1950 zilipatikana dawa za kumeza za sonona. Dawa hizo zimewaponya watu wengi sana. Hata hivyo si wachache ambao hutumia ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na kiza hakiwaondokei. Hawa ndio waliohitaji mlango mwingine.

Mlango huo ulifunguliwa na watu ambao hawakuwa wakiutafuta. Mwaka 1980, huko London, P. A. Merton na H. B. Morton walionyesha kwamba umeme mkali ukipitishwa juu ya ngozi ya kichwa waweza kuufikia ubongo na kuutikisa mkono. Njia hiyo ilifaa kwa kupima mishipa ya fahamu, lakini iliumiza sana, maana mfupa wa fuvu hauupitishi umeme kwa urahisi, na sehemu kubwa ya nguvu yake huishia katika ngozi na misuli ya kichwa.

Katika mji wa Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake, Reza Jalinous na Ian Freeston, walikuwa wakishughulikia kanuni ya Faraday. Mfupa ambao huuzuia umeme hauizuii sumaku. Nguvu ya sumaku hupita fuvuni kama nuru ipitavyo kwenye kioo. Walitengeneza chombo cha kulimbikiza umeme na kuumwaga kwa ghafla katika koili. Umeme huo ulikuwa wa maelfu ya ampea, lakini ulidumu kwa muda mdogo kuliko sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde. Mwaka 1985 waliiweka koili juu ya kichwa cha mtu aliye macho, mahali ambapo ubongo huuamuru mkono. Koili ilialika kwa sauti, na vidole vya mkono vikaruka vyenyewe. Mtu yule hakuumia. Kwa mara ya kwanza ubongo wa mwanadamu uliguswa kutoka nje kwa sumaku, naye akiwa ameketi kitini na nguo zake za kila siku.

Barker na wenzake walikusudia kupima mishipa ya fahamu, hawakukusudia kutibu majonzi. Lakini madaktari waliokitumia chombo kile waliona kwamba baadhi ya watu waliopimwa hubadilika hali ya moyo. Wakati huo picha mpya za ubongo zilikuwa zimeanza kuonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa sonona sehemu ya mbele ya ubongo, hasa upande wa kushoto, huwa imelegea katika kazi yake. Mawazo hayo mawili yaliungana. Ikiwa sehemu ile imelala, na ikiwa sumaku yaweza kuiamsha, kwa nini isijaribiwe?

Mwaka 1993 wagonjwa wawili walijaribiwa huko Bonn, Ujerumani. Mwaka 1995 Mark George na wenzake, huko Bethesda katika Marekani, waliwatibu wagonjwa 6 ambao dawa ziliwashinda. Wawili kati yao walipata nafuu kubwa. Mwaka 1996 Alvaro Pascual-Leone na wenzake waliwatibu wagonjwa 17 katika Hispania, na 11 miongoni mwao walipata nafuu kwa muda wa majuma 2 hivi.

Hapa historia ilikuwa imerudi pale pale penye pipa la Paris. Palikuwa na chombo kigeni chenye sauti, palikuwa na madaktari wenye sifa, palikuwa na wagonjwa waliokata tamaa, na baadhi yao walisema kwamba wamepona. Mtu mwenye haraka angefungua duka siku ile ile. Wataalamu wenye busara walikwenda kukitafuta kitambaa cha Passy.

Kitambaa hicho sasa kilikuwa koili bandia. Yafanana na ile ya kweli kwa umbo, yaalika kama ile ya kweli, na hata humgonga mgonjwa kidogo juu ya ngozi. Ila nguvu ya sumaku haimfikii ubongoni. Wagonjwa hugawanywa kwa kura katika makundi mawili, kundi moja likapewa koili ya kweli na jingine ya bandia. Mgonjwa hajui yuko kundi gani, wala hajui yule anayempima hali yake. Hakuna hila katika jambo hili, maana kila mgonjwa huelezwa tangu mwanzo kwamba aweza kupata yoyote kati ya hizo mbili, naye hukubali kwa hiari yake.

Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya wagonjwa 301, ambayo gharama yake ilitolewa na kampuni iliyotengeneza mashine. Waliotibiwa kwa koili ya kweli walipata nafuu zaidi, lakini katika kipimo kikuu kilichochaguliwa tangu mwanzo, tofauti ilikosa kidogo tu kuufikia mstari wa uhakika. Washauri wa serikali ya Marekani walisita. Uchunguzi uliendelea, na mwezi wa Oktoba 2008 mashine ya kwanza iliruhusiwa kutumiwa kwa wagonjwa wa sonona nchini humo. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya majaribio mengine, yaliyogharimiwa na serikali yenyewe, ya wagonjwa 190. Kwa muda wa majuma 3, katika kila wagonjwa 100 waliopewa koili ya kweli, 14 waliondokewa na sonona. Katika kila 100 waliopewa ya bandia, waliondokewa 5.

Msomaji aweza kusema kwamba 14 katika 100 ni hesabu ndogo. Ni ndogo kweli. Lakini tukumbuke kwamba hawa walikuwa wagonjwa ambao dawa za kawaida hazikuwafaa, na kwamba muda wenyewe ulikuwa mfupi. Tena tuilinganishe hesabu hii na maneno ya Mesmer. Yeye aliahidi kuponya kila ugonjwa, na alipopimwa hakubakiwa na kitu. Waliokuja baada ya miaka 200 waliahidi kidogo, wakapima, wakapata kidogo hicho kikiwa imara. Na juu ya kidogo kilicho imara mtu aweza kujenga.

Na ujenzi uliendelea. Mwaka 2005 wataalamu wa London walionyesha namna mpya ya kupanga mapigo ya sumaku katika mafungu ya haraka. Mwaka 2018 majaribio ya wagonjwa 414 huko Kanada yalionyesha kwamba kwa njia hiyo tiba ya dakika 3 haikupungukiwa na ile ya dakika 37 na nusu. Hivyo mashine moja yaweza kuwahudumia wagonjwa wengi zaidi kwa siku moja, jambo lenye maana kubwa, kwa kuwa mashine hizi ni za bei kubwa na bado ni adimu katika nchi nyingi.

Lakini mwaka huo huo wa 2018 yalitangazwa majaribio mengine ya askari wastaafu 164 wa Marekani. Waliopona kwa koili ya kweli walikuwa 41 hivi katika kila 100, na waliopona kwa koili ya bandia walikuwa 37 hivi. Tofauti ilikuwa ndogo mno, hata haikuweza kutegemewa. Watafiti hawakuyaficha matokeo hayo. Waliyachapisha kwa majina yao, wakaeleza kwamba huenda kule kuja hospitalini kila siku, kupokewa kwa wema, na kuangaliwa kwa bidii, kulikuwa tiba kubwa kwa watu ambao wengi wao walikuwa wapweke. Basi tume ya mwaka 1784 haikukosea ilipoona nguvu ya fikira. Nguvu hiyo ipo mpaka leo, na kila dawa ya sonona hupimwa mbele yake.

Sasa tuieleze tiba yenyewe jinsi inavyofanywa. Mgonjwa huketi kitini, hali yu macho, wala halazwi usingizi. Daktari kwanza huisogeza koili juu ya kichwa mpaka kidole gumba cha mkono wa kulia kiruke. Kwa alama hiyo hujua kiasi cha nguvu kinachomtosha mgonjwa huyo. Kisha huisogeza mbele, sentimita 5 hivi, mpaka juu ya sehemu ya ubongo inayotakiwa. Katika mpango wa kawaida koili hutoa mapigo 10 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 4, kisha hupumzika sekunde 26, na kuendelea hivyo mpaka mapigo yafike 3,000. Mgonjwa huja siku 5 kwa juma, kwa majuma 4 hadi 6. Nguvu ya sumaku haiingii ndani zaidi ya sentimita 2 au 3, lakini sehemu iguswayo imeunganishwa na nyingine zilizo ndani zaidi, kama barabara kuu iunganishavyo vijiji, na habari huzifikia. Wagonjwa wengine huumwa na kichwa au na ngozi ya kichwa kwa siku za kwanza. Degedege hutokea kwa nadra sana. Mwenye chuma kichwani, kama vile kipande cha risasi au chombo kilichotiwa sikioni na madaktari, haruhusiwi kukaribia koili hiyo. Tiba hii haiponyi kila mtu, na baadhi ya waliopona huhitaji kuirudia.

Turudi katika swali letu la mwanzo. Kati ya pipa la Paris na koili ya Sheffield vilipatikana vitu viwili. Cha kwanza ni maarifa ya Faraday, kwamba sumaku huamsha umeme pale nguvu yake inapobadilika. Cha pili ni kitambaa cha Passy, yaani ujasiri wa kuyapima matumaini yetu wenyewe kwa njia iwezayo kuyavunja. Maarifa yaliipa sumaku nguvu ya kuufikia ubongo, lakini kitambaa ndicho kilichotupa haki ya kuiita dawa. Wengi hudhani kwamba kumpima mtu kwa koili bandia ni ukatili kwa mgonjwa. Ukatili mkubwa zaidi ni kumuuzia tumaini ambalo hakuna aliyelipima, akamaliza fedha yake na nguvu zake, kisha akalaumu nafsi yake kwa kutopona.

Somo hili lina kazi katika maisha yetu ya kila siku. Wauzaji wa tiba zisizopimwa hawakwisha pamoja na Mesmer. Wako masokoni, na maneno yao ni matamu. Tusikiapo habari ya dawa mpya, tusiikatae kwa kuwa ni ngeni, maana hata tiba ya Sheffield ilikuwa ngeni; wala tusiipokee kwa kuwa fulani amesema imemponya. Tuulize imelinganishwa na nini, wangapi waliipata, wangapi waliikosa, na nani aliyehesabu.

Kadhalika tusiisahau sehemu ya pili ya ushahidi wa wale askari wastaafu. Wengi walipata nafuu kwa kupokewa na kusikilizwa. Mashine za sumaku hatunazo majumbani, lakini masikio tunayo. Mwanafunzi aonaye mwenzake amejitenga, hali chakula, hacheki, na masomo yamemshinda ghafla, asimwite mvivu wala asimcheke. Na akaye katika kiza hicho yeye mwenyewe asione haya kumwambia mzazi, mwalimu au daktari. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Sonona ni ugonjwa kama magonjwa mengine. Ina matibabu yaliyopimwa, na matibabu hayo yazidi kuongezeka.